Rangi Yenye Ilibakia

Sura ya ine

Moteur ilikuwa ingali pale. Njo kitu ya kwanza yenye inspecteur Victoire aliandika mu carnet yake ile asubui, ku beach ya Kyavinyonga, viatu mu mukono moja, kalamu ya bic mu ingine, maji ya ziwa inamulamba miguu.

«Mama présidente,» akauliza, «mwizi gani anabebaka pirogue na anaacha moteur?»

Mama Marie-Jeanne alikunja mikono. Ye njo présidente ya association ya bamama benye banauzishaka samaki, na sauti yake inafikaka Ouganda bila réseau.

«Mwizi mupumbafu, Inspecteur. Ama mwizi mwenye alisaidiwa. Papa Mathe njo alikuwa mulinzi. Lundi usiku pirogue inapotea, mardi asubui Mathe anatuambia: “Itarudi.” Pirogue ni kuku? Inatokaka kutembea na inarudi mangaribi?»

Pirogue yenyewe, mutumbwi ya mbao, iliitwa *Wasingya*, ni kusema aksanti mu Kinande. Rouge yote, nyekundu ya pilipili, na mustari ya jaune ya ndizi mbivu pembeni. Bamama makumi mbili na mbili walitengenezesha ile pirogue, ubao kwa ubao, miaka ine. Leo ilikuwa jeudi, siku ya tatu. Papa Mathe alikuwa amefungwa mu cachot tangu mardi, na saa kumi ya mangaribi jeep ilikuwa itamupeleka Beni, mbele ya parquet, kwa mwendesha mashitaka. Dossier ikifika kule bila pirogue, mzee anaingia gereza na miaka yake makumi sita na mbili.

Chef ya Victoire alimutuma kutoka Butembo kwa kazi ya dakika kumi: kusoma PV, ripoti ya polisi, kutia signature, kurudi. Lakini mbele ya kutia signature, Victoire alikuwa amepitia ku cachot.

«Papa, nani alibeba pirogue?»

Mathe aliinua macho juu, ku plafond.

«Ulilala?»

«Mi? Sijalalaka ku kazi, Inspecteur. Miaka kumi na sita.»

«Basi uliona.»

Plafond tena. Halafu mzee akauliza, pole pole: «Leo maji ya ziwa iko namna gani?»

«Imetulia.»

«Ah. Muzuri,» akasema, na akacheka na meno yake tatu.

Victoire aliandika ile pia. Mutu mwenye ameuzisha pirogue hana kazi na maji. Mwenye anauliza maji, iko anangojea mutu ku njia.

Pale ku beach, alihesabu tena bintu. Moteur: iko. Nyavu: iko, inaning'inia ku muti yake. Makasia: moja ilibakia, moja haiko.

«Bale ba ng'ambo njo balibeba,» akasema Lusenge, mwenye pirogue ya kulipisha, mwanaume mukubwa mwenye chapeau ya soleil, kofia ya jua ya mwanamuke. «Bale ba Ouganda. Kila kitu ikipotea huku, ni bo. Hata mbuzi yangu.»

«Mbuzi yako tulikula ku Noël, Lusenge,» akasema Mama Marie-Jeanne. «Ulikuwa pale. Ulichukua mguu.»

Victoire aliwaonyesha ile kasia. «Kasia moja: mutu moja. Hakuna moteur. Mutu moja na kasia moja hawezi kukata ziwa yote mupaka Ouganda. Anafwata kando. Ku kando kuko nini?»

«Kyanika,» akasema Lusenge. «Kisha Lusonga. Kupita Lusonga ni mawe na biboko, hakuna hata mutu.»

«Basi tunaenda Kyanika na Lusonga.»

«Na mi ninaenda,» akasema Mama Marie-Jeanne. Na kwa kuwa alisema vile, alienda kwanza ku nyumba, akabadilisha kikwembe, akavaa ile ya fête, akarudi na thermos mbili, beignets, ni kusema mandazi, mu sufuria, na radio.

«Mama, tunaenda ku enquête, kutafuta mwizi.»

«Ndiyo. Enquête na njaa banapatanaka? Miaka tisa sijafika Lusonga. Leo État, serikali yote, inanipeleka!»

*

Victoire alizaliwa ku Butembo, ku mulima, na alikuwa hajapandaka pirogue hata siku moja. Bakamuvalisha gilet ya kuelea, kubwa sana, kichwa yake ilitoka juu kama ya kobe. Moteur ikaguruma, pirogue ikainua pua, na Inspecteur ya République akapiga kelele na sauti yenye baliisikia ku beach yote.

«Ee Nyamuhanga! Ee Mungu!»

Mama Marie-Jeanne alicheka mupaka chai ikamumwangikia. «Unaogopa maji kama pusi!»

«Kwetu maji inakaaka mu bidon, mama. Inakaa kimya.»

Lakini kisha dakika kumi aliacha kushika ubao. Ziwa ilikuwa bleu mupaka inaumiza macho. Bapélican walikuwa wamekaa mu mustari juu ya maji, kama batoto ya primaire benye banangojea directeur. Mapirogue ya bavuvi ilikuwa inapita, kila moja na rangi yake na jina yake: *Diplôme*, rose na blanc, *Mungu Ananiona*, bleu, *Kesho Pia Ni Siku*, jaune kabisa. Kwa kila moja Lusenge alipunga chapeau, na kila moja ilimujibu na matusi ya kirafiki.

«Eh Lusenge! Chapeau ya bibi yako inakupendeza!»

«Na bibi yako pia alisema vile!»

Victoire alianza kucheka na hakuweza kuacha. Akasahau carnet mu mufuko kwa dakika makumi mbili nzima.

*

Kyanika ilitokea nyuma ya mawe: nyumba ya mbao, bati, na milango. Victoire alisimama mu muchanga na kinywa wazi. Nyumba zote zilikuwa kahawia, ya moshi ya samaki, lakini milango! Mulango rose. Mulango jaune. Mulango nusu bleu nusu blanc.

«Huku banapenda rangi,» akasema.

«Si kupenda,» Lusenge akajibu. «Boîte ya peinture ukiifungua, haikai. Inakauka. Sasa ukimaliza kupaka pirogue, ile yenye inabakia utaimwanga? Yesu! Unapaka ku mulango.»

«Kwa hiyo kila mulango iko na rangi ya pirogue ya ile nyumba?»

«Kila moja. Mutoto ya huku, akipotea, haulizi nyumba ya nani. Anaangaria pirogue ya baba yake, anatafuta mulango.»

Victoire alikumbuka koko yake ya Butembo, mama ya mama yake, mwenye alipakaka ndoo, kiti, na hata kisahani ya kuku na peinture yenye ilibakia ku portail. Munande hamwange kitu. Akatoa carnet.

«Basi hatuulizi mutu,» akasema. «Tunauliza milango: ile yenye haina pirogue yake ku maji njo itasema.»

Ile saa moja ilikuwa tamu kama mchezo. Wakatembea mu njia ndogo katikati ya samaki yenye imeanikwa, batoto nyuma yao mu mustari, na Victoire anasoma: mulango rose, pirogue rose ku maji, iko. Mulango bleu, pirogue bleu, iko. Batoto wakaelewa mchezo, wakaanza kupiga kelele mbele yake: «Jaune! Iko! Ya baba yangu!»

Ku mwisho ya njia, akasimama. Mulango rouge. Na mustari ya jaune. Ku beach, pirogue ya vile haikuwa.

«Ni ile!» Mama Marie-Jeanne akasema, na akavua kiatu moja, kama ya kupigana.

Victoire akagonga. Mwanaume akatoka na sabuni ku kidevu, wembe mu mukono, nusu ya ndevu imenyolewa.

«Inspecteur Victoire, polisi ya Butembo. Jina?»

«Mbusa.»

«Pirogue yako iko wapi, papa Mbusa?»

«Ku maji. Pirogue inakaaka wapi, mu église?»

«Nani iko nayo?»

«Batoto yangu.»

«Inaitwa namna gani?»

Mbusa alinyosha wembe nyuma ya Victoire. Pirogue rouge na jaune ilikuwa inaingia pale pale, na vijana tatu ndani banaimba. Ku ubavu, herufi kubwa ya zamani, yenye jua imekula: *Tika Basema*.

«Ni kusema: acha basema,» Mbusa akaeleza. «Sasa mumesema. Ninaweza kumaliza ndevu?»

Mama Marie-Jeanne akavaa kiatu yake. Batoto ya Kyanika balicheka mupaka ku pirogue ya Lusenge, na Mbusa, nusu ndevu, akawafwata na tilapia mbili mu majani. «Ya njia,» akasema. «Ili mukumbuke kugonga pole pole.»

*

Lusonga iko juu ya jiwe. Unaacha pirogue chini, unapanda na miguu, ngazi ya mawe makumi saba na moja. Victoire aliihesabu. Mama Marie-Jeanne pia aliihesabu, na sauti, na ku kila kumi alitukana Mathe.

Saa ilikuwa sita na nusu. Beni ilikuwa inangojea.

Mbele hata ya kufika juu, mwanamuke moja alikuwa anashuka na basani tupu. «Mumekuya kuona mulango?» akauliza.

«Mulango gani?»

«Ya Mama Débora. Bote banakuyaka kuona. Tangu jana hajakaa chini.»

Kweli, Mama Débora alikuwa amesimama pembeni ya mulango yake kama askari. Mulango ilikuwa vert, vert ya majani ya bitoke kisha mvua. Na ilikuwa inangaa. Harufu ya peinture ilikuwa inashinda hata harufu ya samaki.

«Musiguse!» akapiga kelele. «Hapa chini haijakauka. Karibuni. Mwasibire, mumeshinda muzuri? Angarieni kwanza kutoka huku, jua inapiga muzuri.»

Victoire akaangaria kutoka huku. Kisha akaangaria chini, ku beach. Bleu, rose, jaune, bleu, blanc. Vert haikuwa.

«Ni muzuri sana, mama,» akasema. «Pirogue yenu iko inavua?»

«Pirogue?» Mama Débora akacheka. «Mwanangu, tangu bwana yangu alikufa, miaka saba, mi sina pirogue. Mi ninakausha samaki ya batu.»

Lusenge akatoa chapeau yake ku kichwa. Hata ye alielewa.

«Sasa mama,» Victoire akauliza, polepole, «hii vert ilibakia ku pirogue gani?»

Mama Débora akaangaria mulango yake kama imemutukana.

«Nani alipaka?»

«Mutu.»

«Iko na jina?»

«Jina iko. Lakini siwezi kusema.»

«Anakuogopesha?»

«Hapana! Kijana ya muzuri kabisa!» Akajishika kinywa. Kisha akasema chini chini: «Inspecteur, kwetu huku, kijana mwenye bado hajapokelewa ku nyumba, jina yake haitoke mu kinywa. Mupaka mukubwa ya kwabo akuye kusema. Ukitaja mbele, unaharibu ndoa.»

Mama Marie-Jeanne alikuwa anajaza pafu ya kupiga kelele. Victoire akamuwekea beignet mu mukono. «Kula, mama.» Na ye mwenyewe alikuwa anaona plafond ya cachot. Mukubwa ya kwabo. Mutu mwenye kinywa yake imefungwa mupaka siku ya kusema.

«Ule mukubwa,» akauliza, «ni noko yake, kaka ya mama yake?»

Macho ya Mama Débora yalijibu: ndiyo.

Pale musichana akatoka nyuma ya nyumba na sahani ya ugali na samaki, imefunikwa na kitambaa safi. Sahani ilikuwa kubwa, ya mutu mwenye anafanya kazi nguvu. Akaona bageni, akasimama.

«Binti yangu, Shekinah,» Mama Débora akasema, na akakohoa.

«Shekinah,» Victoire akasema, «chakula inaenda wapi?»

«Ku… ku kuku.»

«Kuku yenu inakula na kitambaa?»

Shekinah akaficha mukono yake ya kushoto nyuma. Akachelewa. Ku kidole ya tatu, kando ya kucha, kulikuwa rangi kidogo. Vert.

*

Nyuma ya Lusonga, fasi matete inaingia mu maji, kijana moja alikuwa amepiga magoti mbele ya pirogue vert, na pinceau kidogo mu mukono na ulimi inje, kama mutoto ya darasa ya kwanza. Ku ubavu alikuwa ameandika tayari, na blanc ya kuazima: WASING.

«Malachie!» Mama Marie-Jeanne akapiga kelele.

Malachie akageuka, na uso yake ikafunguka yote. «Mama présidente! Mulikuya kuichukua? Ngojeni, inabakia herufi mbili!»

Mama Marie-Jeanne alikuwa amevua kiatu tena; akaivaa.

«Simama,» Victoire akasema. «Polisi. Nani alikupa hii pirogue?»

«Noko Mathe. Lundi. Kwa usiku moja tu. Nilikuwa nakuya kuonana na… kuona…» Akaangaria Shekinah. «Kuona ziwa.»

«Na kasia moja?»

«Moteur ingepiga kelele. Beach yote ingejua ninaenda wapi.»

«Kisha?»

«Kisha kiboko. Pale ku mawe. Ilisimama chini ya pirogue kama mutu mwenye anaamuka ku kitanda. Mbao tatu zikavunjika.» Akawaonyesha: mbao tatu mupya, zimefungwa muzuri, hata Lusenge aliinama akapitisha kidole na akatingisha kichwa na heshima. «Siwezi kurudishia bamama pirogue ya tundu, Inspecteur. Nikatengeneza. Lakini ku boutique ya hapa rouge iliisha. Ilibakia vert tu. Nilitumia noko neno kwa mutu ya samaki: “Itarudi.” Hakupata?»

«Alipata,» Victoire akasema. «Njo kitu pekee yenye alituambia. Iko mu cachot tangu mardi, Malachie. Saa kumi jeep inamupeleka Beni.»

Pinceau ikaanguka mu maji.

«Juu ya nini hakusema?»

«Juu ungalipoteza bibi,» Mama Débora akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Victoire akaangaria saa. Saba na dakika makumi ine. «Itaelea?»

«Itaelea,» Malachie akasema. «Nafikiri.»

*

Wakaifunga nyuma ya pirogue ya Lusenge na kamba. Malachie akakaa ndani ya *Wasing* na bidon ya kukatwa, anamwanga maji. Shekinah akaruka ndani bila kuulizwa, na bidon ya pili. Mama Débora akafunga mulango yake na funguo, akashuka ngazi yote makumi saba na moja, amevaa na ye kikwembe ya fête.

«Mi ni témoin, shahidi,» akasema. «Na mulango ni yangu.»

Ile kurudi! Lusenge alisukuma moteur mupaka ikakohoa. Ku Kyanika, Mbusa alikuwa ku beach, ndevu imekwisha, akaona msafara, akapiga kelele: «Mumepata?» na Mama Marie-Jeanne akajibu na sauti ya Ouganda: «Tumepata! Lakini ni vert!» Batoto wakakimbia pembeni ya maji: «Vert! Iko! Iko!» Nyuma, Malachie na Shekinah walikuwa wanamwanga maji moja anatoa, moja anatoa, kama batu benye walifanya ile kazi pamoja miaka makumi mbili. Victoire alisimama wima mu pirogue, bila kushika kitu. Akagundua kisha, na akakaa haraka.

Ku Kyavinyonga jeep ilikuwa imewashwa. Papa Mathe alikuwa amekaa nyuma, katikati ya polisi mbili, kofia ku magoti.

«Zima!» Victoire akapiga kelele kutoka mu maji. «Zima ile moteur! Ninayo!»

Mathe akainua kichwa. Akatafuta rouge ku ziwa, hakuiona. Kisha akasoma: WASING.

«Ni yetu,» Mama Marie-Jeanne akasema. Alikuwa amefika mbele ya jeep, anahema, kikwembe imelowa mupaka ku magoti. «Papa Mathe. Nilikutukana ku ngazi makumi saba na moja. Matusi yote ninaitoa. Chauffeur, mi njo nilileta plainte ya kumushitaki, mi njo ninaiondoa. Andika, Inspecteur. Na huyu Malachie atabeba samaki ya bamama mupaka Noël. Andika ile pia.»

«Ile si ya PV, mama.»

«Andika tu.»

Mathe hakushuka. Alikuwa anaangaria Malachie, pirogue, Malachie.

«Mutoto ya dada yangu,» akasema. «Vert, sawa. Kiboko, sawa. Peinture ilibakia?»

«Kidogo, noko.»

«Uliimwanga?»

«Hapana, noko! Namna gani niimwange?» Malachie akaangaria miguu yake. «Nilipaka ku mulango ya Mama Débora.»

Papa Mathe akafunga macho, akafunika uso na kofia.

«Malachie. Mi nimelala ku ciment masiku mbili kwa kufunga jina yako mu kinywa. Na we unaenda kupaka rangi ya pirogue yako ku mulango ya musichana? Mbele ya Lusonga yote? Ndoa imetangazwa namna gani zaidi? Na trompette?»

Lusenge njo alianza kucheka. Kisha Mama Marie-Jeanne, kisha bapolisi, kisha beach yote, mupaka bapélican wakaruka. Shekinah alijificha nyuma ya mama yake na mabega yake yalikuwa yanatetemeka ya kucheka. Mama Débora tu hakucheka. Alisonga mbele, akarekebisha kitambaa ya kichwa.

«Mulango imesema,» akamwambia Mathe. «Lakini mulango si mukubwa ya kwabo. Mi niko hapa. Nimevaa muzuri.»

Mzee akashuka mu jeep. Akapangusa suruali, akavaa kofia, akakohoa mara mbili, akasimama wima.

«Chauffeur,» akasema, «zima kabisa. Ninataka kusema.»

Na akasema. Alisema juu ya kwabo, juu ya dada yake, juu ya mulima yenye walitoka na ziwa yenye ilibapokea, na hakuna mutu alisonga.

Victoire alikaa ku pua ya *Wasing* kwa kumaliza PV. Ku fasi ya “rangi” alikata “rouge na jaune”, akaandika “vert”. Ku fasi ya “mushukiwa” aliacha nyeupe. Pale njo aliona Lusenge anapita na boîte mu mukono na pinceau mupya, anaenda upande ya cachot.

«Lusenge! Unaenda wapi na ile?»

«Mu boîte ya Malachie kulibakia kidole mbili ya vert, Inspecteur. Kesho itakauka.» Akanyosha pinceau ku mulango ya cachot. «Na mzee alilala pale masiku mbili. Hata ile ni mulango yake.»

Victoire aliangaria mulango ya État, kahawia, yenye imechoka. Kisha akageuza ukurasa ya carnet, akainamisha kichwa, na akaandika pole pole sana, ili asione kitu mupaka Lusenge amalize.